Mwalimu wa Kitenzi Kimoja

Muhula mzima wa pili, darasa la saba, Mwalimu alitufundisha kitenzi kimoja. Mtaala haukusema hivyo. Mtaala ulisema tumalize insha kisha tuingie kwenye barua, barua rasmi na ya kirafiki, na mwalimu mkuu alikuja mara mbili kuchungulia dirishani akaondoka akitikisa kichwa. Kitenzi chenyewe kilikuwa keep. Herufi nne tu, na sisi watoto wa Shauri Moyo tulidhani tunakijua tangu chekechea kwa sababu ndicho tulichopigiwa kelele kila siku: keep quiet.

"Nipeni maana yake," alisema.

Mmoja akasema kuweka. Mwingine akasema kutunza. Msichana aliyekaa nyuma yangu akasema kufuga, maana mama yake alikuwa na kuku nyuma ya nyumba na askari wa kanjo, yaani baraza la jiji, walikuwa hawajajua. Ubao ukajaa: kuchunga, kuendelea, kutimiza ahadi, kubaki na chenji. Mwalimu akarudi nyuma akautazama ubao kama mtu anayetazama ukuta alioupaka rangi mwenyewe.

"Sasa mnione," akasema. "Mwingereza ana mfuko mmoja, ametia vyote humo. Sisi tuna mifuko saba. Msimwonee wivu. Akitaka kitu ni yeye anayepekua."

Siku nyingine alituambia neno hilo lilikotoka, au tuseme alituambia kwamba halijulikani lilikotoka. Maneno mengi ya Kiingereza, alisema, yana jamaa zake. Ukienda Ujerumani utawakuta, ukienda Uholanzi utawakuta, wamevaa nguo nyingine lakini pua ni ile ile. Hili halina. Wasomi wamelitafutia ndugu kila mahali wakarudi mikono mitupu. Liliibuka tu kwenye maandishi miaka elfu moja hivi iliyopita, limeshakua, linafanya kazi, na hakuna wa kusema ni mtoto wa nani. Hata maana yake ya zamani ilikuwa nyingine: kukodoa macho, kuvizia kitu kisikupite, kukikamata. Mambo ya kukaa nacho yalikuja baadaye.

Nikainua mkono. Nilikuwa mtoto wa mdomo, na bado.

"Mwalimu, sasa hilo neno likifa litazikwa wapi?"

Darasa likavunjika mbavu. Lazima ujue mtaa wetu ndipo ucheke. Wazazi wetu walikuwa watu wa magharibi, wa reli na kanjo na viwanda, na hakuna hata mmoja aliyezikwa Nairobi. Nairobi ni kazini. Mtu akifa, swali la kwanza si amekufa na nini, ni anapelekwa wapi. Mwalimu naye alicheka, akatoa leso, kisha akaanza kufuta ubao aliokuwa ameshaufuta.

Nimekaa jirani naye tangu wakati huo. Nyumba yangu ni ya tatu kutoka kwake, ile ile niliyozaliwa, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa katibu wa chama chetu cha mazishi. Tangu nipate hicho cheo aliacha kuniita jina, akawa ananiita Katibu, kwa heshima ambayo nusu yake ilikuwa utani.

Kila asubuhi wanawake wanaokwenda Gikomba kuuza mitumba walipita mlangoni pake kuacha funguo. "Mwalimu, nishikie." Ndani ya mlango alikuwa na ubao wenye misumari, kila ufunguo umefungwa kitambaa cha rangi yake, na watoto wakitoka shule walichukulia hapo. Hakuandika jina hata moja. Alijua kitambaa cha kijani ni cha nani, na chenye maua ni cha nani, na alijua pia ni mtoto gani asipewe ufunguo kabla hajasema amefanya hesabu.

Alikuwa na madaftari, yale ya shule yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Humo aliokota matumizi ya kitenzi chake popote alipoyakuta. Nyuma ya malori. Kwenye geti za mtaa wa Komarock alikokwenda kumfundisha mtoto wa mtu Kiingereza baada ya kustaafu, ambako kila ukuta ulikukataza kitu. Kwenye matangazo ya kanisa, ambako kila Jumapili tuliambiwa tukeep time na kila Jumapili ibada ilianza kwa kuchelewa. Siku moja aliniita mbio, nikadhani ameanguka. Kumbe amegundua golikipa.

"Katibu, tazama. Na Watanzania wana kipilefti, ule mzunguko wa barabarani. Neno halina mama wala baba, lakini lina watoto! Limezaa huku kwetu!"

Alikuwa na furaha ya kweli, mate yanaruka. Nilimwambia sufuria yangu iko motoni nikaenda zangu. Ningejua ningekaa.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alifundisha Kiingereza maisha yake yote lakini nje ya darasa hukumsikia akikizungumza. Ukimsemesha kwa Kiingereza ili umfurahishe, alikujibu kwa Kiswahili kilichonyooka mpaka ukaona haya. Sheng alisema inamuumiza masikio, na hapo hapo alikaa na vijana wa base, kijiwe chao pale kwenye kona, kuwauliza hili mnalitamkaje na lile mmelitoa wapi.

"Niaje Mwalimu," walimwambia.

"Mimi si Niaje. Mimi ni mzee. Nisalimieni."

"Haya, habari ya asubuhi, buda."

"Buda limetoka wapi?"

"Eh, Mwalimu, hata wewe unapenda kujua story za watu. Na yako hutuambii!"

Hapo walimpata. Kila neno alitaka kujua kwao ni wapi, na yeye mwenyewe ukimuuliza kwao alisema, "Kule magharibi," akahama kiti. Ukimbana zaidi alisema swali hilo ni la polisi. Kanisani aliimba besi kwa Kiluhya, na kwa Wajaluo aliimba Kijaluo, kwa hiyo lugha haikutusaidia. Mke hakuwa naye, alisema aliwahi kuchumbia akachelewa. Mama yangu, ambaye hakushindwa na siri ya mtu, alimfuatilia miaka ishirini akafa bila jibu.

Mtu kutozungumzia kwao si kosa. Lakini chama chetu kina kadi. Kila mwanachama hujaza: wilaya, kata, kijiji, boma la nani, na mtu wa kupigiwa simu. Ukifa, sisi ndio tunaotafuta sanduku na basi, tunakupeleka mpaka kwenye shimo lililochimbwa na watu wako, tunaimba, tunakula, tunarudi. Asiye na kadi hatuna pa kumpeleka. Mochari haitoi mwili kwa majirani tu hivi hivi, inataka ndugu, na ndugu asipoonekana jiji humzika pamoja na wengine wasiokuwa na mtu. Katika mtaa wetu hilo ndilo neno baya kuliko yote. Mama akimgombeza mtoto aliyekosa adabu humwambia utazikwa na kanjo.

Mwalimu alikuwa mwanachama kabla yangu. Hakukosa mkutano. Nilipompa kadi ajaze, aliirudisha imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Shauri Moyo, mlango wa samawati. Wazee wa kamati wakakasirika wakaona anawafanyia mzaha. Nikampelekea nyingine. Ilirudi tupu. Kila mwaka nilimpa, kila mwaka ilirudi tupu, na mimi, Mungu anisamehe, nilimsema vibaya. Nilisema ni kiburi cha wasomi.

Halafu mwaka jana, Jumamosi moja, alizunguka mlango kwa mlango akirudisha funguo. Kila mtu ufunguo wake na kitambaa chake. "Sioni vizuri tena, nisije nikampa mtu nyumba ya mwenzake," alisema. Lakini macho hayakuwa shida. Miguu ilikuwa imevimba, na hatua kumi zilimtosha kutweta. Tulimpeleka hospitali, akakaa wiki mbili, daktari akaniita kando akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema jirani. Akasema moyo umechoka, kilichobaki ni kumrudisha nyumbani akae na watu wake.

Nilirudi naye nyumbani kwa maana ya mlango wa samawati.

Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi nikafanya jambo ambalo nililiona la akili sana. Nilitoa daftari la mahudhurio la chama. Mwalimu alisafiri na kila msiba, kila basi, miaka yote hiyo, na mtu kama huyo akikosa inaonekana. Alikosa mara nne. Mara zote nne alisema tumbo linamsumbua. Na misiba yote minne ilikwenda upande mmoja, tarafa moja, karibu na soko moja. Nikaketi na lile daftari mapajani nikajiona mpelelezi.

Sikumwambia. Nilijua angekataa. Nilipiga simu kwenye redio ya lugha ya watu wa upande huo nikalipia tangazo: jina lake lote, kwamba alikuwa mwalimu Nairobi, kwamba jamaa zake wanaombwa wafike Shauri Moyo, na namba yangu. Nilichosahau, mimi katibu wa mazishi niliyelipia matangazo ya namna hiyo nisijue idadi, ni kwamba saa ile ya jioni redio ile haitangazi kitu kingine ila vifo. Husomwa jina, hupigwa wimbo, husomwa jingine. Hakuna anayesikia jina saa hiyo akadhani mtu anaumwa.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, pikapu iliingia mtaani na matawi yamefungwa mbele. Wanawake wanne nyuma, wanaume wawili, na kilio kimeshaanza tangu barabara kubwa. Nilitoka mbio na sabuni mikononi. Vijana wa base walikuwa wameshaizuia.

"Mathe, mnatafuta nani?"

"Nyumba ya marehemu. Marehemu mwalimu."

"Marehemu gani? Mwalimu si ndo huyo amekaa hapo na uji yake."

Alikuwa ameketi mlangoni juani, blanketi mapajani, kikombe mkononi. Alikuwa amesikia jina lake likililiwa kutoka kona ile mpaka hapa. Mwanamke mmoja mzee, mdogo wake lakini kichwa cheupe kabisa, alishuka akamtazama. "Mayi wee," akasema, mama wee kwa lugha ya kwao, taratibu, si kwa kilio. Kilio kilikatika. Nilingoja amkimbilie. Alirudi nyuma hatua mbili.

"Wewe," Mwalimu alimwambia, "umezeeka."

"Na wewe ulikufa," dada yake akasema.

Mwalimu alimnyoshea mkono. Dada hakuupokea. "Usiniguse kwanza, ndugu yangu. Tafadhali. Usiniguse." Wakamletea kigoda akakaa mbali kidogo, upande wa pili wa mtaro, na hivyo ndivyo walivyozungumza, yeye huku na dada kule, na mimi nimesimama katikati natamani ardhi inipokee.

Miaka mingi nyuma, wakati barua hazikuja na aliyetumwa Nairobi kumtafuta alirudi peke yake, wazee wa kwao waliamua amekufa. Mtu aliyepotea hawezi kuachwa akizurura. Wakakata gogo la mgomba, wakalifunga shuka, wakalilaza kaburini kwa jina lake. Watu walilia, ng'ombe alichinjwa, akanyolewa aliyepaswa kunyolewa. Kaburi lipo mpaka leo, na waliomzika mtu hawawezi kumgusa tena.

"Nilijua," Mwalimu alisema.

Alituambia alikuwa Gikomba, kijana bado, anajaribu viatu, Krismasi inakaribia na ameshaamua safari hii anakwenda. Muuza viatu akainua macho akamtambua, mtu wa kwao kabisa. "Alinitupia viatu vyote viwili akakimbia, akaacha biashara yake hapo. Nilimngoja nimlipe. Aliporudi alisimama mbali akaniambia ni nani nimwonaye hapa, nilikuwepo kwenye maziko yako."

"Kwa nini hukuja hata hivyo?" dada yake akauliza.

"Mimi ni Mkristo. Siamini gogo la mgomba." Akapumua. "Lakini kule kulikuwa na watoto wenu. Mtoto akiugua wiki niliyoingia, mngesema ni nini?"

Dada alikaza leso yake kiunoni.

"Na barua? Barua moja tu, kabla ya hayo yote?"

Hapa Mwalimu alitazama kikombe chake. "Nilikuwa nasema mwezi ujao," akasema. "Sina sababu nyingine ya kukupa. Nilisema mwezi ujao."

Nilikumbuka barua ya kirafiki tuliyoingoja muhula mzima na hakuifundisha. Nilikumbuka pia kadi zangu, kila mwaka, na nilivyomsema. Nilitaka kuomba msamaha na sikujua nimwombe nani kwanza.

Pikapu iliondoka jioni. Dada aliahidi kuwaweka wazee pamoja awaulize kama kuna njia ya mtu kurudi. Mwalimu aliposikia hivyo alinyoa ndevu kesho yake. Aliniuliza barabara ya kule siku hizi ina lami. Aliniuliza kama kadi ya chama bado inaweza kujazwa na mtu mgonjwa. Kwa wiki tatu alikula vizuri, akanipa madaftari ya kitenzi niyafunge kwa kamba, akasema atayasoma upya huko huko chini ya mti wowote utakaokuwepo. Sijawahi kumwona mtu akingoja simu namna ile. Kila simu yangu ilipolia alikohoa.

Simu yenyewe ilikuja mwezi uliopita, mimi nikiwa sokoni. Dada alizungumza haraka, kama anayetua mzigo. Wazee wamekutana mara mbili. Hawana chuki. Lakini mtu aliyezikwa kurudishwa kuna namna yake, kuna maneno yake na mnyama wake na mlango wa kupitia, na waliojua namna hiyo wamekufa wote, wa mwisho alikwenda mwaka juzi. Hakuna aliyebaki anayeijua. Watu wa kanisa nao wamesema hawatashiriki ushenzi, ila hata wao, mmoja mmoja, wanaogopa. Akija mzima hawatamfungulia. Akija maiti hawatachimba, kwa sababu mtu mmoja hana makaburi mawili.

"Hata pembeni?" nikamuuliza. "Hata mpakani?"

"Mama, mimi ni mwanamke," akasema. "Nimelia, wamenisikia nikilia, wamekwenda nyumbani."

Kisha akaniambia jambo moja zaidi, akaniambia nikipenda nimweleze na nikipenda nisimweleze.

Nilitembea polepole kutoka sokoni. Nilipofika alikuwa kitandani, dirisha limefunguliwa. Nimepeleka habari mbaya nyumba nyingi katika mtaa huu, nina maneno yangu ya kuanzia na ya kumalizia. Hayakutoka. Nilisema tu, "Wamekataa, Mwalimu," nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, waliojua namna wamekufa, makaburi mawili, yote.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali jibu la mwanafunzi. Baadaye akauliza, "Hilo kaburi. Nani amekuwa akilipalilia?"

Ningeweza kusema sijui. Mpaka leo ninalala na hilo.

"Mama yenu," nikasema. "Kila Krismasi, mpaka nguvu zilipomwisha. Dada yako anasema alipokaribia kufa walitaka kumlaza kando ya baba yenu. Akakataa. Akasema alazwe kando yako."

Hakulia. Nilingoja alie ili nipate la kufanya. Nje watoto walikuwa wakirudi shuleni, na mmoja aligonga mlango kwa mazoea akitafuta ufunguo, akakumbuka, akaenda.

"Na walimlaza hapo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Walimlaza hapo."

"Basi mama yangu," alisema, "amelala miaka yote hiyo kando ya mgomba."

Niliketi kando ya kitanda nikamshika mkono, maana si mimi niliyemzika, naruhusiwa kumshika.